Kodi Imekwisha na Mkononi Hakuna Kitu





Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo akina mama wengi hulisema kwa kunong'ona, tena baada ya kugeuka nyuma kuona kama hakuna anayesikiliza. Ni kodi ya nyumba. Ukikaa na wanawake baada ya ibada watakueleza habari za homa ya mtoto, bei ya mafuta ya kula, sare za shule. Kodi iliyokwisha hawaitaji. Wanaijua wao na baba watoto, na wakati mwingine hata baba watoto haijui.

Nitazungumzia zaidi Dar es Salaam na miji yetu mingine ya Tanzania. Msomaji wa Mombasa au Bujumbura atachukua yanayomfaa, lakini kwa mambo ya sheria aulize kwao, maana kila nchi ina zake.

Kwetu kodi ina ugumu wake wa pekee. Wenye nyumba wengi hawapokei ya mwezi mmoja mmoja. Wanataka ya miezi 6, na wengine ya mwaka mzima, tena kabla hujaingiza hata ndoo. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi ni shilingi 360,000 kwa mkupuo, na siku ya kuingia dalali naye anadai mwezi wake mmoja. Basi mama anaishi miezi 6 bila kuulizwa chochote, anazoea, halafu asubuhi moja anaamka anadaiwa fedha ambazo hajazishika kwa pamoja tangu siku aliyohamia. Deni la dukani hukua polepole, leo sukari, kesho sabuni. Deni la kodi linakuja zima.

Ndiyo maana akina mama wengi hukosea hapa mwanzoni kabisa. Wanatoka kwenda kutafuta 360,000. Wanazunguka kwa ndugu watatu, wanapata 20,000 na nauli, wanarudi wamevunjika moyo, wanakaa kimya kusubiri siku ya aibu. Lakini ukiangalia vizuri, mama huyu mwezi huu anahitaji 60,000 tu, na mtu wa kumsemea kwa mwenye nyumba ili zile nyingine zigawanywe. Hivyo viwili, kidogo cha kuanzia na mtu wa kusimama naye, hupatikana karibu na mlango wako. Mkupuo mzima haupatikani kwa urahisi popote, isipokuwa kwa watu ambao nitawataja baadaye, na hao ni afadhali usiwaendee.

Usimkimbie mwenye nyumba

Mama anayedaiwa hubadilisha saa zake. Anatoka alfajiri kabla mwenye nyumba hajaamka, anarudi usiku. Mlango ukigongwa anamtuma mtoto aseme mama hayupo. Mtoto anajifunza kusema uongo mlangoni kwa agizo la mama yake, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tufikiri. Pia halisaidii. Katika nyumba zetu hizi za korido moja, choo kimoja na umeme wa LUKU wa kuchangia, hakuna siri. Ukimnunulia mtoto viatu vya shule, habari itamfikia mwenye nyumba kabla viatu havijavaliwa, nayo itafika hivi: fedha anazo, kodi ndiyo hataki kulipa.

Tena tusiwafikirie wenye nyumba wote kuwa ni watu wenye tumbo kubwa na gari. Wengi ni mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake, au mama mjane ambaye vyumba vyake vitatu ndivyo shamba lake. Yeye naye ana ada na dawa za presha, naye anahesabu siku kama wewe unavyohesabu. Mtu wa namna hii huweza kuvumilia mengi. Asichoweza kuvumilia ni kufichwa.

Kwa hiyo nenda kwake mapema. Wiki tatu au mwezi mmoja kabla kodi haijaisha ni bora zaidi, lakini hata kama imekwisha wiki mbili zilizopita, kwenda kesho ni bora kuliko kusubiri aje na dalali akiwa ameongozana na mpangaji mpya anayeonyeshwa chumba chako.

Kabla hujaenda, kaa chini usiku mmoja na baba watoto. Toeni mkataba wa pango mahali ulipofichwa. Nimekutana na wanawake wenye miaka minne katika nyumba ambao hawajawahi kuusoma mkataba, kwa sababu aliyeuandika na kusaini ni mume. Usome. Angalia kodi inaisha tarehe ngapi, taarifa ya kuhama inatakiwa iwe ya muda gani, na nani aliandikwa kuwa shahidi. Tafuta na risiti zote. Kama mlilipa kwa simu, tafuta ujumbe wa malipo. Usiufute hata kama simu imejaa. Kisha hesabuni kwa uaminifu: mkononi kuna ngapi, mwisho wa mwezi itaingia ngapi, na kitu gani ndani ya nyumba mnaweza kukaa bila hicho.

Najua kuna nyumba ambazo mazungumzo haya ni magumu. Mwanamume aliyepoteza kazi hujiona amevuliwa nguo mbele ya mke wake, na ukianza kwa kumuuliza fedha zimekwenda wapi, atachukua shati lake atoke. Anza na tarehe. Mwambie, "Baba fulani, kodi yetu inaisha tarehe fulani, nami nataka twende wote kwa mwenye nyumba." Mume na mke wakiingia pamoja, mwenye nyumba huwapokea vingine kabisa.

Ukifika kwake

Nenda na kitu mkononi. Hata kama ni 30,000, iende. Mtu anayesikia ahadi tupu na mtu anayehesabu noti huku akisikia ahadi hawasikii sawasawa. Usiende siku ya msiba wake wala saa ya chakula. Ukiweza, mwombe mtu mzima anayeheshimika na pande zote mbili mfuatane naye: mzee wa kanisa, mama kiongozi wa jumuiya, au mjumbe wa nyumba kumi. Huyo hana haja ya kusema mengi. Kuwapo kwake kunamwambia mwenye nyumba kwamba huna nia ya kuhama usiku.

Eleza kilichotokea kwa maneno machache na ya kweli. Kazi imekwisha, mtoto alilazwa, biashara imeungua. Usilie kama unaweza kujizuia, na usitaje yale uliyomtendea zamani. Kisha omba jambo moja: kwamba kwa miezi 6 hii apokee kodi ya mwezi mmoja mmoja, kwa tarehe mtakayopatana. Mkumbushe kwa upole, au yule mzee amkumbushe, kwamba chumba kikibaki wazi mwezi mzima hakimletei kitu, na kwamba mpangaji atakayeletwa na dalali hamjui tabia wala usafi wake. Wewe anakujua.

Akikubali, andikeni. Hapa wengi huona haya, wanasema sisi ni watu wa kuaminiana. Kuaminiana ni kuzuri, lakini mwenye nyumba ana watoto wakubwa, na mtoto mkubwa aliyetoka safari hakuwapo siku ya mapatano. Karatasi moja ya daftari inatosha. Inaweza kusema hivi:

"Mimi fulani, mpangaji wa chumba cha tatu, kodi yangu iliisha tarehe 31 Mei. Leo nimelipa shilingi 60,000 ya mwezi wa Juni. Nitalipa shilingi 60,000 kila tarehe 5, kuanzia Julai hadi Novemba. Mwenye nyumba amekubali mpango huu."

Tarehe, saini ya kila mmoja, jina na saini ya shahidi. Ziwe nakala mbili, wewe na yake. Kila utakapolipa, dai risiti au mwandike nyuma ya karatasi hiyohiyo. Kitu kimoja nakusihi: ahidi kiasi unachokiweza. Mama anaahidi 120,000 kwa mwezi ili aonekane ni mtu wa maana, mwezi wa pili anashindwa, na mapatano ya pili hayapatikani.

Jumuiya na vikundi vyetu

Tuje kwa msaada wenyewe. Watu wengi wakisikia neno hili hufikiria ofisi. Mimi naanza na wale mnaokutana nao kila wiki: jumuiya ndogo ndogo, umoja wa akina mama wa kanisa lako, kikundi cha VICOBA, mchezo wa mtaani.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, kuna mama mjane ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tunapenda kuhubiri muujiza wa mafuta. Mimi hupenda kuangalia yale yaliyotangulia: mama huyu alikwenda akasema. Alitaja deni lake mbele ya mtu wa Mungu waziwazi, naye akaulizwa ana nini nyumbani, kisha akatumwa kwa majirani kuazima vyombo. Majirani wakajua. Hakuna namna ambayo mama angekusanya vyombo vitupu mtaa mzima bila watu kujua kwamba nyumbani kwake kuna jambo.

Mwambie mtu mmoja kwanza. Mchague. Awe kiongozi wa jumuiya, mama mchungaji, katekista, mtu ambaye hujasikia siri ya mwingine kutoka kinywani mwake. Mwambie kwa tarakimu: nadaiwa kiasi hiki, tarehe ni hii, ninazo hizi, naomba hili. Ukisema tu "mniombee, mambo ni magumu," watakuombea kweli, na kodi itabaki palepale.

Na yapo mengi ya kuomba zaidi ya fedha taslimu. Kwenye mchezo, kama zamu yako ni ya nane, mwombe mwenye zamu ya mwezi huu mbadilishane. Wanawake hufanya hivyo kila siku kwa ajili ya harusi na misiba. Hakuna sababu isifanyike kwa ajili ya paa. Kwenye VICOBA, karibu kila kikundi kina mfuko wa jamii, ule mchango mdogo unaotolewa kila mkutano kwa ajili ya mwanachama aliyepatwa na shida. Angalia katiba ya kikundi chenu imetaja shida zipi. Kama imetaja ugonjwa na msiba tu, mnaweza kukubaliana katika mkutano kuongeza kufukuzwa nyumba. Katika jumuiya, mnaweza kuombwa mambo ambayo hayamgusi mtunza hazina kabisa. Familia sita zikimletea mama mmoja unga, maharage, mchele na mafuta ya mwezi mzima, ile fedha yake ya chakula inakwenda kwenye kodi. Nani atakayeshindwa kutoa kilo mbili za unga? Na yeye hajashikishwa noti mbele ya watu.

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni viongozi wa vikundi hivyo, basi niseme nanyi kidogo. Msitangaze jina. Nimesikia kwa masikio yangu sala ndefu ya kumwombea "dada yetu anayetolewa vyombo nje," na dada mwenyewe amekaa benchi la tatu. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Watu watatu wakijua, wanatosha. Fedha apelekewe mwenye nyumba na mtunza hazina mwenyewe, risiti iandikwe jina la mpangaji. Hivyo hakuna atakayesema fedha ilinunua kitenge, na mwenye nyumba anaona kwamba mama huyu ana watu.

Tena semeni siku hiyohiyo kama ni zawadi au ni mkopo. Kwa maoni yangu, kama fedha ni ndogo, iwe zawadi. Mkopo ambao mama hawezi kuulipa humwondoa katika jumuiya, maana kila akiwaona anaona deni, na hapo mmempoteza mwenzenu kwa shilingi 50,000. Kama ni lazima uwe mkopo, muda uwe mrefu na riba isiwepo.

Wale wa kuogopa

Nilisema nitawataja. Ni watoa mikopo ya "kausha damu." Jina hili hawakupewa na adui zao, wamepewa na waliokopa. Wanafika mlangoni kwako na mkupuo wote, tena siku hiyohiyo, hawaulizi mume wala mshahara. Marejesho ni ya kila siku au ya kila wiki, na riba ni ya kutisha. Mama anamlipa mwenye nyumba leo, halafu baada ya wiki chache wanakuja vijana kubeba jokofu, godoro na cherehani. Sasa ana kodi ya miezi 6 na hana kitu cha kulalia wala cha kufanyia kazi. Nimeona nyumba zikivunjika kwa sababu ya mikopo ambayo mume aliijua siku kochi lilipotoka.

Ndugu zao ni mikopo ya kwenye simu, ile ambayo ukichelewa wanawatumia ujumbe wa kukuaibisha watu wote walio katika simu yako, mpaka mchungaji na mwalimu wa mtoto. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya namna hiyo yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Anayetoa mikopo kihalali anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kabla hujakopa omba kuiona, na kama mkopeshaji anakasirika kwa kuulizwa, umepata jibu.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo hutolewa kwa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, na asilimia 4 kati ya hizo ni za wanawake. Hiyo ni ya biashara. Mama akiipeleka kwenye kodi, marejesho yatawaangukia wenzake wa kikundi. Na wale wanaouliza habari za TASAF, fedha zile ni za kaya maskini zilizotambuliwa kwa utaratibu wake katika mtaa. Si mfuko wa kukimbilia wiki hii kwa sababu kodi imekwisha.

Labda deni lenu ni fedha mnazodai

Hili husahaulika sana. Mara nyingi kodi iliyokwama ni mshahara uliokwama. Kama baba watoto ameachishwa kazi, muulize: alilipwa siku alizofanya kazi? Alilipwa likizo yake? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja na kuendelea kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10, ingawa si kwa kila namna ya kuachishwa. Kama anaona ameachishwa isivyo haki, anapeleka malalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hupita upesi kwa mtu aliyekaa nyumbani akiwa na huzuni, kwa hiyo wewe ndiye wa kuzihesabu. Kama alikuwa akichangia NSSF, aende akaulize kuhusu fao la kukosa ajira. Lina masharti yake, lakini wapo waliolala na njaa huku haki yao ikiwa ofisini kwa sababu hawakuuliza.

Na kama mume yupo, ana kazi, ila amehamia kwingine na kukuachia kodi? Hilo si jambo la kuombewa michango tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume ampatie mke wake mahali pa kuishi, chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, ueleze. Atamwita. Wanaume wengi ambao hawakusikia wazee wala mchungaji huitika wito ule wenye mhuri.

Mambo yakifika pabaya

Tuseme mwenye nyumba amekataa kila mpango. Amesema utoke kesho, au ametishia kung'oa mlango. Hapo ujue mambo mawili. Deni ni lako kweli, na ana haki ya kulidai na hata kukutaka uhame kwa taratibu. Lakini kuvunja mlango, kuezua bati au kuleta vijana watupe vyombo uani, huo si utaratibu wa sheria, hata kama nyumba ni yake.

Nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa kwa mwenyekiti au mtendaji. Chukua mkataba, risiti, na ile karatasi ya mapatano kama ipo. Mwenyekiti akiwaita wote wawili, mara nyingi jambo huishia hapo kwa kupewa mwezi mmoja au miwili. Isipoishia hapo, kuna Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata katika migogoro hii ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Wakishindwa kuwapatanisha, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado kuna wazee watakaokuelekeza uende kwenye lile baraza la nyumba la zamani, lililokuwa chini ya sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005, usipoteze nauli.

Usiende Baraza la Wilaya peke yako kama huna uzoefu. Wapo wasaidizi wa kisheria katika wilaya nyingi, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao kwa asiyejiweza ni bure. Kwa wanawake kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1989, na WLAC, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Ukiuliza ofisi ya ustawi wa jamii watakuelekeza aliye karibu. Wapangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa wao waende katika ofisi ya shirika ya mkoa wao mara tu wanapopata barua ya kwanza ya deni. Wasisubiri dalali wa mnada.

Na kama mwisho wa yote ni kuhama, basi hameni mchana. Wapo wanaohama usiku wakiacha deni, na kweli huponyoka, ila mtaa mpya nao una watu wanaowajua wa mtaa wa zamani. Andikeni deni lililobaki na namna mtakavyolilipa, mwenye nyumba asaini, mrudishe funguo, mfagie chumba. Chukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuondoka, maana huko uendako utaulizwa ulikotoka. Watoto kama shule inabaki mbali, mwone mwalimu mkuu mapema kuhusu uhamisho.

Nafasi imekwisha. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaendelea na hesabu ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza: namna ya kuweka shilingi 2,000 kila siku kwa ajili ya kodi ya 60,000, iwekwe wapi isiliwe, na nani kati ya mume na mke ashike ufunguo.